Usije Mpaka Utakapoitwa

Karatasi zikikaa muda mrefu ndani ya sanduku la bati hupata harufu yake: vumbi, nafutalini na kutu kidogo. Hapa Bariadi ninapofanya kazi ya masjala, nikifungua faili la zamani harufu hiyo hunirudisha nyumbani Mwandoya, kwenye barua ya dada yangu Minza.

Nilikuwa darasa la sita. Minza alikuwa amemaliza kidato cha nne na kuomba nafasi katika chuo cha uuguzi. Barua ilifika mchana ambao tulikuwa na wageni, washenga kutoka Lingeka, waliokuja kumposa na kutaja ng'ombe wengi. Minza alikuwa barazani akichambua pamba, mikono imemjaa nyuzi, hivyo baba akanipa barua mimi. Nadhani alitaka pia wageni waone kwamba hata mdogo wake anajua Kiingereza.

"Soma, mayu," akasema. Kwetu hata binti mdogo huitwa mama.

Mistari ilikuwa michache. Jina la Minza lilikuwa kwenye orodha ya akiba, kisha: "Do not report unless you are called." Neno "unless" sikulijua, ila niliona kama linafanana na "until", na sikutaka kukwama mbele ya watu. Nikatafsiri kwa sauti kubwa: "Usije mpaka utakapoitwa."

Baba akaitikia kwa kichwa polepole. "Basi ataitwa," akawaambia washenga. "Siwezi kumwoza mtoto anayesubiriwa na chuo."

Wakamaliza maziwa yao, wakaaga kwa upole zaidi kuliko nilivyotarajia. Jioni ile nilipewa firigisi ya kuku, ambayo kwetu ni ya mwenye nyumba.

Pamba ilikuwa imeshauzwa mwalimu alipoandika maneno yale mawili ubaoni. "Until", alisema, ni mpaka: jambo litakuja, wewe ngoja tu. "Unless" ni ila kama: huenda lisije kabisa. Nilikaa na siri hiyo siku kadhaa, kisha nikamwambia Minza tulipokwenda kuchota maji kwenye mchanga wa mto.

Hakushtuka. "Nilijua siku ile ile. Niliisoma wageni wakiwa bado wanakunywa maziwa."

"Mbona hukunisahihisha?"

"Ningekusahihisha, saa hizi ningekuwa Lingeka." Akaendelea kujaza ndoo. "Usimwambie baba mpaka nipate chuo kingine."

Alikipata mwaka uliofuata, na leo ni muuguzi. Baba sikumwambia kamwe.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii kama kichekesho cha mtoto aliyekosea akapatia. Upande wa Minza sikuufikiria. Mwaka ule wote, kila baba aliporudi kutoka machungani, aliuliza, "Hawajaita?" Naye alijibu, "Bado, baba," kwa sauti ile ile ya utulivu, huku akijua kwamba huenda hakuna atakayeita.