Mgeni Aliyekunywa Mpaka Kwenye Maji ya Betri

Kwa kutia chumvi nasifika toka Ibra mpaka Sur, sikatai. Nikivua samaki mmoja, mpaka nifike nyumbani keshakuwa nyangumi. Lakini hili ninalokuhadithia sikulitia hata punje, na wallahi laiti ningekuwa nimelitunga, ningelala vizuri zaidi.

Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea kwisha. Mimi nimetoka Unguja, nimesoma shule ya usiku Maskati mpaka nikapata cheti cha umeme, na cheti chenyewe nilikitia fremu kubwa kuliko dirisha. Nikapewa kazi kwenye karavani ya chanjo, nyumba ya bati yenye magurudumu, inavutwa na Landrova kijiji kwa kijiji. Sindano zilikuwa za Bi Rahma, nesi wetu, Mpemba mwenye ulimi mkali na moyo laini. Betri sita zilizokuwa chini ya kitanda zilikuwa zangu. Betri zinalisha friji, friji inatunza dawa. Basi.

Tulikuwa Bidiya, pale mchanga unapoanza. Asubuhi ile katauti ya jenereta, kile kidude kinachozuia chaji isizidi, iliungua. Chaji ikamiminika bila breki, betri zikachemka kama sufuria za uji, halafu jenereta yenyewe ikazima. Dereva akaifungua Landrova kutoka kwenye karavani, akakimbilia nayo Ibra kutafuta katauti nyingine. Bi Rahma akaenda kupumzika kwa jirani. Nikabaki peke yangu na friji inayonguruma.

Nikafungua vizibo vya betri, nikamulika kwa tochi. Maji yameshuka, plati, vile vibati vya ndani, zinachungulia nje. Kwa asiyejua: plati zikikauka, betri imekufa, hata ukiiletea jenereta mpya haishiki chaji tena. Na huwezi kuijaza maji ya falaji, mfereji wa kijiji, yana chokaa, yataiua kabisa. Yanatakiwa maji maalumu yaliyosafishwa, na nilikuwa nayo galoni moja tu. Galoni moja, betri sita, na kesho yake watoto wa Bidiya nzima wanakuja kuchanjwa.

Ndipo nikasikia, "Assalamu alaykum, wenye nyumba."

Saa saba mchana! Jua lilikuwa kali, mijusi inatembea imebeba miguu yake mkononi. Na mlangoni amesimama mzee mwenye kanzu nyeupe, miguu mitupu, na nyayo zake hazina hata chembe ya vumbi. Alisema Kiswahili safi cha mjini. Sikushangaa, maana watu wengi wa Sharqiya, mkoa ule, wana wajomba Unguja. Ningeshangaa basi!

Nikamkaribisha, nikamwekea tende, nikamimina kahawa. Sasa unajua desturi ya huku: mgeni akitosheka hutikisa finjani. Asipotikisa, mwenyeji anamimina, hana ruhusa ya kuacha. Mzee akanywa. Hakutikisa. Nikamimina. Hakutikisa. Dele zima la kahawa likaisha, naye ameinyoosha tu finjani, anatabasamu. Aibu ikanishika, nikammiminia maji ya kunywa. Debe lilikuwa limejaa. Niamini, nilimwona akilimaliza, finjani kwa finjani, na tumbo lake halikupanda hata kidogo.

Ikabaki galoni ile. Mkono wangu ulikwisha kuishika, na naapa sikumbuki nani aliyeunyanyua.

"Mbona wasita, mwanangu?"

"Haya si ya kunywa, mzee. Ya betri."

"Betri zina kiu kunishinda mimi?"

"Zina kiu. Zikifa, dawa za watoto zitaharibika."

"Watoto gani?"

"Watakaokuja kesho. Wote."

Akainyoosha finjani tena. "Na wangu?"

Ungejibu nini wewe? Mgeni kakaa kwako, finjani tupu mkononi. Nikafurahi kupata kitu cha kumpa kisichokuwa galoni. "Walete," nikasema kwa mbwembwe, "wako ndio wa mwanzo!"

"Wawili," akasema. Akatikisa finjani, akaondoka. Nilipotoka kumsindikiza, mchangani palikuwa na nyayo zangu tu.

Nikarudi kwenye betri. Maji yalikuwa yamefika juu, sawasawa na alama, zote sita, na mshale wa kipimo umesimama kwenye "imejaa". Galoni sikuwa nimeifungua.

Alfajiri, kabla Bi Rahma hajafunga ushungi vizuri, mwanamke aliyejifunika gubigubi alikuwa mlangoni na watoto wawili. Nikasema ndio wa mwanzo, wakachanjwa. Hawakulia, hawakupepesa jicho. Walipoondoka Bi Rahma akajifuta mikono. "Wale watoto," akaniambia, "baridi kama mitungi."

Dawa zililetwa kwa idadi ya watoto walioandikishwa, bila ziada. Adhuhuri zikaisha, na kwenye foleni wamebaki wawili: mvulana na msichana wa mama mmoja aitwaye Zuwena, aliyetembea nao tangu usiku. Mwaka uliopita surua ilimchukua mkubwa wao.

"Tuliandikwa," akasema Zuwena. "Za wanangu kapewa nani?"

Ilibidi nimweleze Bi Rahma yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakucheka, hakuniita mwongo. "Ewe fundi," akasema, "wewe kazi yako betri. Nani kakupa sindano zangu ugawe?"

Sikusubiri niambiwe. Dereva aliporudi nikaingia Landrova na sanduku la barafu, tukaenda Ibra, na Ibra hazikuwepo, tukaenda mpaka Maskati. Siku ya tatu nikarudi. Msichana keshapata homa. Nilikaa nje ya nyumba yao usiku kucha. Homa ilikuwa ya kawaida, alhamdulillahi, ikashuka, wote wawili wakachanjwa.

Betri zile zilidumu miaka minane. Hazikuomba maji hata siku moja. Mafundi walikuja toka Nizwa kuzitazama, wakanipiga mgongoni, wakasema nina mkono wa baraka. Nikawaacha waseme. Kila nilipofungua vizibo nikaona maji yale yametulia kwenye alama, nilimwona Zuwena amesimama kwenye jua, ameshika watoto wawili.

Nawe unayesoma, akikujia mgeni mchana wa joto, nyayo zake safi, usimfukuze. Mpe kahawa yako, maji yako, kanzu yako ukipenda. Lakini ukiishiwa, sema umeishiwa. Usifungue mdomo kumpa cha mtoto wa mtu mwingine, kwa sababu atakuja kukichukua, na mwenye mtoto atakuja kukuuliza.