Tulimlinda Baba

Msimu ule wa baridi homa ya mafua ilipoingia nyumbani kwetu Voi, sote tulimhofia baba. Ujana wake wote ulikwisha kwenye shamba la mkonge, na vumbi la kiwandani lilimwachia kifua kinachopiga mluzi akipanda hata ngazi za kanisa. Tena alikuwa na sukari. Dada yangu mkubwa akatoa amri: baba akae chumba cha nyuma, asisogelewe na anayekohoa, na chakula atapelekewa na dada mwenyewe.

Dada alikuwa mjamzito, tumbo limeshamtangulia. Hakuna aliyemhofia. Sokoni ndiye aliyeshusha magunia ya kabeji kutoka Chawia, akiwacheka wanaume waliotaka kupumzika. Majirani walisema mimba imempendeza.

Homa ilinipata mimi kwanza. Nikalala, nikatoka jasho, nikapona. Baba naye ikamfikia pamoja na tahadhari zetu zote. Alikohoa hadi nikadhani mbavu zitavunjika, kisha akaomba uji. Dada alianza kama sisi: makamasi, koo, mwili kuuma.

"Ni mafua tu," aliniambia akimenya viazi. "Kesho niko sokoni."

Siku chache baadaye nilimkuta mchana kweupe ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika magoti, mabega yakipanda na kushuka. Nilipomsemesha alinijibu neno moja moja, kila neno na pumzi yake. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu.

Hospitalini walimwekea oksijeni. Daktari, mama wa makamo, alituuliza mimi na shemeji, mume wa dada, kama mgonjwa ana pumu, au sukari, au shida ya moyo. Tukajibu hapana, hapana, karibu kwa fahari.

"Mimba peke yake inatosha," akasema. "Mapafu hubanwa, na mwili haupigani na homa kama kawaida. Wajawazito, wazee, watoto wachanga, wenye vifua vibovu, hao ndio inaowaangusha. Hakupata chanjo ya mafua?"

Shemeji alitikisa kichwa.

Mtoto alitolewa kwa upasuaji kabla ya wakati, ili mama apate nafasi ya kupumua. Msichana, akawekwa kwenye mashine ya joto. Muuguzi alimwonyesha dada picha kwenye simu. Akaigusa kwa kidole, kisha akanitazama.

"Baba amekula?"

Sikumsikia akisema kitu kingine tena. Alifariki kesho yake, wakati watu wakinywa chai ya saa nne.

Tulipomwambia baba, hakulia. Alivaa koti, akaketi kibarazani kwenye jua kali.

"Mimi ndiye niliyekuwa wa kwenda," alisema. "Mnajua hivyo. Hata yeye alijua."

Miaka imepita tangu hapo. Kuna siku nasikia ndara zikiburuzwa kwenye ujia, polepole, kama za mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto. Naangalia, hakuna mtu. Wakati mwingine nikigeuka namkuta baba naye ameinua kichwa, akitazama mlangoni.

Mtoto sasa yuko chekechea, ana sauti kubwa na haogopi mtu. Kila mwaka baba humshika mkono wakaenda kuchanjwa pamoja, mtoto akilia, baba akimbembeleza. Lakini mtoto akipiga chafya tu, redio huzimwa, na nyumba nzima hunyamaza tukimsikiliza anavyopumua.