Dawa Iliyokufa Kabla Hatujafika Nairobi

Nilipaswa kukataa. Agosti ya 2004 dada yangu Nekesa alikuja shambani kwangu Saboti, akaniomba nisiondoke kwenda Nairobi kabla ya shughuli ya mwanawe Wafula, nami nikakubali. Ulikuwa mwaka wa tohara. Kwetu Wabukusu, mjomba ndiye humchinjia mtoto wa dada yake fahali na kumvika kipande cha nyama kifuani kabla hajatahiriwa.

Nairobi nilikuwa nimpeleke mke wangu, Nasimiyu. Alikuwa amekatwa titi kwa ajili ya saratani, na sasa mgongo ulimuuma. Daktari wa Kitale alimwombea picha ya mifupa. Angedungwa dawa yenye metali inayotoa mionzi, teknetiamu, iliyounganishwa na kemikali inayokimbilia mfupa. Palipo na ugonjwa hujikusanya zaidi, na kamera huona. Miadi ilikuwa Jumanne asubuhi, naye alituonya kwamba dawa hiyo hutengenezwa asubuhi ya siku yenyewe na haiwekwi.

"Kaka, ama nimtafutie Wafula mjomba wa kukodi?" Nekesa aliniuliza.

Nasimiyu akacheka. "Twende, Baba Simiyu. Mifupa yangu haitoroki."

Jumatatu asubuhi tulipitia Kitale, tukashika barabara ya Bungoma hadi Kabuchai, kwa marehemu baba. Nilipanga kumaliza mchana, kisha tupande basi la Nairobi pale Bungoma mjini. Lakini Wafula na waimbaji wake walizunguka kwa kila jamaa, wakafika jua likizama. Nilimvika nyama. Wazee walinisifu, na sifa zile nilizifurahia. Nasimiyu alikuwa amejilaza mkekani. Basi lilikwisha ondoka.

Nairobi tuliingia Jumanne jioni. Hospitalini mtaalamu wa kamera alimpa Nasimiyu kiti kwanza.

"Mzee, dawa ya mama tuliitengeneza saa mbili asubuhi. Kila baada ya saa sita nguvu yake hupungua nusu. Sasa imekufa."

Niliomba tujaribu kesho. Alisema dawa ile hukamuliwa kutoka mtungi mmoja wa madini ya risasi unaoletwa kwa ndege, na wao walikuwa wamefika mwisho wa nguvu zake. Mwingine ulikuwa umechelewa, na foleni ni ndefu.

Saboti tulirudi kungoja simu. Wiki zikapita. Asubuhi moja Nasimiyu aliniita kutoka chumbani, sauti yake ya kawaida kabisa, akaniambia hasikii miguu yake.

Oktoba tulimpeleka tena Nairobi, amelazwa kwenye gari la kukodi. Alipodungwa waliniambia anywe maji mengi, na siku hiyo asipakate wajukuu, kwani mwili wake ungetoa mionzi.

"Kwa hivyo leo hatuwashi taa?" aliwauliza. Hata wauguzi walicheka.

Kwenye picha uti wa mgongo ulikuwa na madoa meusi, na pingili moja ilikuwa imebonyea. Daktari alinivuta kando. Saratani, alisema, isingeondoka. Lakini kama wangeliona doa lile Agosti, wangeupiga mgongo mionzi mapema, na yaelekea angekuwa anatembea.

Tuliporudi Kitale mvua ilikuwa inanyesha. Kule Kabuchai aliishi mdogo wangu, mjomba wa Wafula kama mimi, ambaye angemvika nyama ile vizuri tu. Nekesa angenuna wiki moja. Hilo nililijua hata siku ile, lakini nilitaka kuonekana.

Ugonjwa ndio uliomuua Nasimiyu. Miguu yake niliipoteza mimi. Alikufa Desemba, hakuwahi kusimama tena.