Aline, Usiwape Maktaba Nusu

Nakumbuka asubuhi moja kule kijijini kwetu Kizuka, kusini mwa Bujumbura, mwanangu Aline, miaka michache baada ya uhuru, mwanamke aliponiomba kitu nami nikampa nusu yake. Nimechoka kuikumbuka, lakini jana ulinirudisha huko.

Uliniambia umeandika maktaba ya programu kwa lugha ya C, inayopanga taarifa kama mti usioelemea upande mmoja, ili kutafuta humo kuwe haraka. Ukasema inafanya kazi kwenye kompyuta ya aina yoyote. Sikuelewa yote, ila nilifurahi. Kisha ukasema wenzako wa Bujumbura wameiomba, na utawapa sehemu ya kuongeza na ya kutafuta tu. Ile ya kufuta bila mti kuinama, iliyokutesa miezi miwili, utabaki nayo. Leo nisikilize.

Ujanani nilikuwa seremala. Nilitengeneza mashine ya mbao ya kukamua mawese, inayofunguka vipande vitatu, watu wawili wakaibeba kutoka shamba hadi shamba. Kazi yote ilifanywa na parafujo nene ya mti. Kuichonga nilifundishwa na Fundi Lubunga, mzee aliyevuka ziwa kutoka Kongo: unazungusha utepe wa ganda la mgomba kwenye gogo, unafuata ukingo wake kwa patasi, meno yanatoka sawasawa.

Jirani yangu Mama Spes, mjane, aliomba nimwoneshe namna ya kutengeneza ya kwake. Nilimwonesha fremu, sanduku, vipimo vyote. Parafujo nilimchongea mwenyewe, mlango nimefunga. Nilitaka arudi kwangu kila itakapolika.

Fundi Lubunga akasikia. Alinikuta kazini, hata hakuketi.

"Mimi nilikuficha nini?"

"Hakuna, muzee."

"Basi wewe unamuficha huyu mama kwa nini?"

Niliahidi kwenda kwa Mama Spes wiki ileile. Sikwenda. Wiki ya pili palikuwa na kazi, ya tatu vilevile, mwishowe ikawa miaka. Kisha ukafika mwaka wa sabini na mbili. Watu walichukuliwa na askari majumbani wasirudi, nasi tukapanda mtumbwi na nguo za mwilini tu, tukaenda kuzeekea Tanzania.

Niliporudi kichwa kilikuwa cheupe. Nilimkuta Mama Spes angali hai palepale Kizuka, na ile fremu imeegemezwa ukutani.

"Amahoro, fundi," alinisalimu. "Ile visi, parafujo yako, iliisha meno mwaka ule ule mulikimbia. Tulitafuta mutu wa kuchonga ingine, hakuna."

"Mlikamuaje?"

Alipandisha kitenge kidogo, nikaiona miguu yake. Bila mashine, chikichi hukanyagwa kwa miguu zingali za moto, mwanangu. Makovu yalifika juu ya vifundo. Akasema Spes, binti yake, naye ana miguu kama hiyo. Hakunilaumu. Alinipikia ugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani, nikala kwa shida.

Kesho yake nilimfundisha Spes kuzungusha utepe. Tulimaliza kabla ya saa sita. Asubuhi moja tu, Aline! Kazi ya asubuhi moja niliiacha mpaka watu wawili wakaungua miguu.

Kwa hiyo toa maktaba yako nzima, na ile sehemu iliyokutesa usiibakize. Andika humohumo, kwa maneno ya kawaida, kwa nini ulifanya hivi na si vile, maana hutakuwepo kila mtu atakapokwama. Weka jina lako na la aliyekufundisha. Mtu akiirekebisha, usinune. Na uitume leo. Mimi nilidhani nina muda.

Mungu akulinde, mwanangu, akupe akili isiyochoka mapema kama yangu, na unachokitoa kimfikie anayekihitaji kabla hajaumia.