Siku Nilipomshusha Bibi Kwenye Basi la Umra

Jambo hili likitajwa nyumbani kwetu Ibra, huku Oman, mimi huinuka nikajifanya nakwenda kuangalia chai jikoni, na ndugu zangu wanajua, kwa hivyo hulitaja makusudi. Afadhali nilieleze mwenyewe, maana kila anayelisimulia hutia chumvi, na wallahi halihitaji chumvi.

Mimi ni mtu wa kutaka kila kitu kikae sawasawa. Mito ya kiti nikiiona imepinda siwezi kuongea mpaka niinyooshe. Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilikuwa karani katika afisi ya vipuri vya magari, na udaktari nilikuwa nikijifundisha peke yangu (ndiyo, udaktari, chekeni tu) katika duka la intaneti karibu na suku, soko letu la mjini. Nilijisomea habari za sukari, nikajipima dalili zote, nikajikuta nina nusu yake.

Bibi yangu, mama yake baba, alizaliwa Unguja mjini akaja Oman mtu mzima. Kiarabu chake ni cha salamu na cha kununulia samaki, kwa hivyo akienda kwa daktari lazima awe na mtu wa kumsemea, na mtu huyo nilikuwa mimi. Mwaka ule alijiandikisha msafara wa umra wa basi, yeye na wanawake wenziwe wa mtaani, na Ami Saidi, mwanawe mdogo, ndiye maharimu wake, mwanamume wa kumsindikiza. Mara mbili huko nyuma safari ilimvunjikia, mara ya kwanza Babu aliugua, mara ya pili Babu alifariki. Safari hii sanduku lilikuwa limeshafungwa wiki mbili kabla, na kila jioni alilifungua ili alifunge tena.

Basi mimi nikasema hasafiri mtu wa miaka sabini na kitu bila ya kupimwa damu. Hakuna aliyeniomba. Nikampeleka kliniki Jumamosi ya wiki ya safari, nesi akanipa fomu nijaze, na kwenye orodha ya vipimo daktari alikuwa ametia alama sukari, mafuta na figo. Chini kabisa kulikuwa na CRP. Hiyo nikaitia alama mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimesoma mahali kwamba ni kitu ambacho ini hukimwaga kwenye damu mwili ukiwa unapambana na uvimbe wa ndani, na kwamba siku hizi wakubwa wa madaktari wanakitazama kujua moyo wa mzee utakuwaje. Nikajiona nimemzidi daktari.

Upande wa pili kulikuwa na maswali. Mgonjwa ana homa? Ana jino bovu? Ana kidonda popote? Bibi amekaa ubavuni mwangu, kiwiko chake kinagusa changu, anahesabu tasbihi. Nami nikaandika la, la, la, kwa mwandiko mzuri mno, bila ya kumgeukia. (Niliona haya kumuuliza mambo ya mwili wake mbele za watu. Na ukweli zaidi ni kwamba fomu ilikuwa safi, sikutaka kuichafua.)

Majibu niliyachukua Jumatano alasiri. Daktari keshaondoka, Alkhamisi na Ijumaa mapumziko, harudi mpaka Jumamosi, na basi linaondoka Alkhamisi asubuhi. Mtu mwenye akili angetafuta daktari mwengine. Mimi nikaifungua bahasha garini. Vyote vizuri ila CRP, imewekewa nyota, na nambari yake imeipita mbali ile iliyoandikwa pembeni kuwa ndiyo kiasi. Nikakimbilia duka la intaneti, ukurasa ukawa unafunguka mstari mmoja mmoja, nikasoma kwamba wazee ambao kipimo hiki kiko juu, mshtuko wa moyo na kiharusi huwapata zaidi kuliko wenzao. Chini yake kulikuwa na maelezo mengine marefu, lakini adhana ya Magharibi ikaingia na mwenye duka akazima mashine.

Mtasema, si ungemwambia Ami Saidi usiku huohuo? Nilitaka nimwambie kwa utaratibu. Nikakaa kuandika barua ya Kiarabu ya kumpa achukue njiani awaonyeshe madaktari, nikaiandika mara nne kwa sababu kila mara kuna hamza haikukaa vizuri, nikasali Alfajiri, nikajilaza kidogo. Nilipoamka jua limeshatoka na nyumba kimya. Wamekwenda.

Nilifika kwenye kiwanja karibu na suku, injini ya basi inanguruma. Mbele wanaume, nyuma wanawake, na kahawa imeshaanza kumiminwa. Nikapanda kwa mlango wa nyuma, na kofia sina.

"Bibi, teremka! Teremka sasa hivi! Damu yako inaonyesha kiharusi!"

Mama mmoja akaanza kulia, mwengine akaanza kusoma Yasin kwa sauti, na wa kiti cha mbele akamgeukia Bibi akamwambia, "Mwanakwetu, nisamehe, lile sufuria lako kubwa ninalo mimi."

"Ninajua muda mrefu," Bibi akasema. Akanitazama. "Nitakufa saa ngapi, mwanangu? Nijue kama nile hii halwa au niwaachie."

"Sijasema utakufa, Bibi, nimesema kuna uwezekano..."

"Nawe uwezekano umeuona wapi?"

Nikampa karatasi. Ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akaitazama kama anajua, na ghafla nikaona vikoba vinafunguliwa, kila mtu anatoa karatasi zake za hospitali. "Na mimi nisomee!" "Hii nyota yangu nayo ni kiharusi?" Nilichanganyikiwa, nikashika karatasi sita kwa mara moja, na mpaka leo nahisi karatasi ya Bibi nilimsomea mtu mwengine, maana kuna mama alizirai na hakuwa na kitu.

Ami Saidi akaja nyuma, uso umemvimba. "Wewe una wazimu? Jana ulikuwa wapi?" Kiongozi wa msafara naye akasema kwa Kiarabu kwamba hambebi mgonjwa bila ya ruhusa ya daktari, kwanza sanduku litolewe. Sanduku likatolewa. Bibi akateremka akijishikilia.

Hapo ndipo jirani yetu Bi Zuwena akachungulia dirishani. "Saidi! Huyo mtoto anasema moyo, au anasema goti?"

"Zuwena!" Bibi akamkaripia.

"Goti gani?" nikauliza.

"Nilimchoma wiki iliyopita! Chuma cha moto, sehemu tatu, dawa ya mamangu mie. Alisema anataka kutufu, aizunguke Kaaba kwa miguu yake, kigari hakitaki. Hakukwambia?"

Hakuniambia kwa sababu sikumuuliza, na daktari hakumwambia kwa sababu madaktari huwagombeza wazee kwa kuchomana. Wanawake wakateremka wakamzunguka kwa mabuibui yao wamtazame goti, mimi nikageuzwa uso kwenye ubavu wa basi kama mtoto aliyekosa, na nyuma yangu nikasikia Bi Zuwena mwenyewe anasema taratibu, "La hawla, limetunga usaha."

Tukamkimbiza hospitali ya serikali. Kiongozi alisema atasubiri mpaka saa nne. Daktari wa zamu, Msudani mmoja mpole, akasafisha goti, akatazama karatasi yangu, akacheka kisha akaacha kucheka.

"Hiki kipimo ni kama mbwa anayebweka uani," akaniambia. "Kinakwambia kuna kitu. Hakikwambii kitu gani. Mtu mwenye usaha gotini hapimwi moyo kwa hiki, apone kwanza, apimwe tena."

"Kwa hivyo moyo wake mzima?"

"Sijasema."

"Basi mgonjwa?"

"Sijasema pia. Mzee yeyote namtazama presha, sukari, mafuta na namna anavyoishi. Hiki ni kimoja katika vingi."

"Na basi, daktari?" Ami Saidi akauliza. "Linatusubiri."

Daktari akatikisa kichwa. Kwa goti lile, na njia ile ndefu, hapana. Dawa na kufungwa bendeji kila siku kwanza. Halafu akaigeuza ile fomu ya kliniki, iliyokuwa imebanwa pamoja na majibu. "Angetazamwa goti siku ya kipimo, angekuwa amepona kiasi cha kusafiri. Hapa pameandikwa hana kidonda. Nani alijaza?"

Ami Saidi akanitazama. Bibi hakunitazama, na saa nne ikapita sote watatu tungali pale, basi likaondoka.

Mpaka leo sijui nijiweke wapi. Nisingepiga zile kelele, Bibi angeondoka na goti linalooza. Ningeuliza swali moja tu siku ile kliniki, angeondoka mzima. Kwa hivyo nilimwokoa na ajali niliyomtengenezea mwenyewe, sijui hiyo inaitwaje. Goti lilipopona alipimwa tena, nambari ikashuka ila haikufika chini kabisa, nikamuuliza daktari maana yake nini, akasema maana yake apunguze chumvi, atembee, na mimi nikalale.

Msafara uliofuata tulikwenda, safari hii maharimu ni mimi, hiyo ndiyo adhabu aliyonikatia, na wale mama wakaniita daktari kutoka Ibra mpaka Makka. Siku ya kupima kabla ya safari nesi alinipa fomu ileile. Kalamu ilishafika kwenye la ya kwanza, Bibi akauweka mkono wake juu ya wangu.

"Mie nipo hapa," akasema. "Niulize."

Nikamuuliza lile swali la kidonda, kwa sauti, mbele za watu wote. Akafikiri kidogo, akasema, "Andika: hana. Na andika kwa mwandiko mbaya, wajue umeuliza."