Twalib Aliyekikana Kibaraza cha Baba Yake

Zamani mtu akijenga duka mjini Lindi alitanguliza kibaraza ili wapita njia wapate pa kukaa, siku hizi anatanguliza geti la chuma ili wasipate.

Ninayemwandika hapa ni Twalib bin Shaaban, mkazi wa Rasbura, mwenye jengo la fremu nne za maduka karibu na soko. Hakuwa mtu mkubwa. Hakuwahi kuwa diwani, wala mwizi wa kujulikana. Alikuwa mwenye nyumba wa kawaida, na kwa kuwa miji yetu imejaa watu wa namna yake, naona mmoja wao aandikwe vizuri ili wajukuu wajue pwani hii ilirithiwa na akina nani.

Jengo lenyewe hakulijenga yeye. Watu kama Twalib hawajengi, wanakuta. Lilijengwa na baba yake, Mzee Shaaban Likwata, aliyeshuka mjini kutoka vijiji vya ndani akiwa mnunuzi wa ufuta. Kuta ni za mawe na chokaa, na mbele, chini ya paa lililotokeza, kuna kibaraza kirefu kilichosakafiwa kwa saruji nyekundu. Upande mmoja wa kibaraza alikaa fundi Dadi na cherehani yake. Upande wa pili alikaa Bi Batuli na jiko la mkaa, akipika mkate wa kumimina na vitumbua. Katikati tulikaa sisi wengine na magazeti ya juzi. Mimi shule niliacha mapema, na mengi niliyoyajua niliyajulia pale, nikisoma hata karatasi Bi Batuli alizofungia mikate.

Hakuna aliyelipa kitu. Mzee Shaaban akifika asubuhi alisalimia, akakinyunyizia maji kibaraza ili vumbi lilale, ndipo akafungua duka. Kila Ramadhani ilipoingia alirudia maneno yaleyale mbele ya watu: "Duka langu ni la watoto wangu. Hiki ni wakfu, cha anayepita na aliyechoka." Mtu akimwuliza kwa nini hatozi, alimtazama kama aliyeulizwa jambo la aibu.

Twalib alikulia palepale. Bi Batuli alimlisha vitumbua kabla hajaota meno yote. Akaenda Dar es Salaam, akapotelea Kariakoo miaka mingi, na baba yake alipofariki akarudi na rundo la funguo kiunoni na mdomo umejaa maneno mapya. Mahali hakupaita mahali, alipaita "lokesheni." Shikamoo aliitupa bila kusimama, kama mtu anayetupa ganda la chungwa.

Kwanza aligeukia wapangaji. Serikali ilipoamua kodi ya jengo ikatwe kwenye umeme, kila anayenunua umeme wa LUKU akawa anamlipia mwenye nyumba bila kuombwa. Sheria inasema mpangaji amkate mwenye nyumba kwenye pango. Nimeisoma, haina fumbo. Wapangaji walipomwendea, Twalib akawajibu, "Umeme unawasha nani, mimi au nyinyi?" Nao, watu wazima wenye maduka, wakacheka na kwenda zao. Mji wa watu wanaochekea kuibiwa unastahili wenye nyumba wa aina hiyo.

Kisha ikaja habari ya barabara. Ofisi ya mji ilitaka kuipanua, ikatoa amri kwamba kila kilichotokeza nje ya mstari kibomolewe na mwenye jengo, kwa gharama yake. Kijana wa ofisi alifika na futi na kopo la rangi nyekundu. Alikuwa ameshainama kuchora alama ya kubomolewa Twalib alipotoka mbio.

"Hapo usichore. Hiki si changu."

"Cha nani, sasa?"

"Marehemu baba alikitoa wakfu. Mimi nimerithi kuanzia mlangoni kwenda ndani. Waulize wazee hawa."

Yule kijana akasimama na brashi ikidondoka rangi. "Utayasema hayo ofisini?"

"Hata sasa hivi."

Akaenda, akashika msahafu, akaapa kwamba kibaraza si mali yake na hakina sehemu katika jengo lake. Mimi na Dadi tukashuhudia, kwa kuwa ilikuwa kweli. Ni mara pekee niliyomsikia Twalib akisema kweli, na aliisema ili asigharimie nyundo. Ofisi ikaogopa kugusa wakfu, barabara ikapindishwa kidogo mbele yetu, na majengo ya jirani yakakatwa vibaraza vyao kama watu waliokatwa midomo.

Twalib alirudi anacheka. "Mmeiona akili hiyo, wazee wangu?"

Tuliiona. Nasi tulicheka, nisiseme uongo, kwa kuwa kibaraza kilikuwa kimepona.

Haukupita muda mrefu, dalali mmoja akamletea kampuni ya simu. Barabara mpya ilikuwa inapitisha watu wengi, na kampuni ilitaka fremu mbili za pembeni pamoja na mbele yote, izungushiwe vioo. Bila kibaraza haikutaka kitu. Siku ya pili Twalib akasimama mbele ya jiko la Bi Batuli.

"Bibi, mwisho wa mwezi nataka hapa pawe peupe."

"Hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Niende wapi?"

"Sokoni kuna vizimba."

"Sokoni watu wanafuata samaki. Anayetaka mkate wangu ananifuata hapa, na hapa ndipo anaponijua. Nikitoka hapa, Twalib, jiko nimelizima, na sina kingine cha kula. Unanisikia?"

"Nakusikia, bibi, lakini biashara ni biashara."

Dadi akasimamisha cherehani. "Kwani si ulisema wakfu? Au wakfu siku hizi nao una mkataba wa mwaka mmoja mmoja?"

"Yale yalikuwa maneno ya ofisini, fundi."

"Na msahafu nao ulikuwa wa ofisini?"

"Mzee, shona nguo za watu."

Akaleta fundi wa kuchomelea, akasimamisha nguzo za chuma ukingoni mwa kibaraza, na alipoona Bi Batuli hahami akafungua shauri la ardhi. Alimshitaki yeye na Dadi, akawaita wavamizi wa eneo lake. Wavamizi! Mtu anamwita mvamizi mwanamke aliyemfuta kamasi.

Alimchukua wakili kutoka Mtwara, mama mmoja mpole aitwaye Devota, hodari wa kazi yake. Sina ugomvi naye, aliuza anachouza. Ninaowadharau ni wale waliokikalia kibaraza kile tangu hawajaota ndevu. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaomba waje kushuhudia. Mmoja alikuwa na mgeni. Mwingine alikuwa anangoja kuuza korosho. Mwingine, aliyesikilizia pale habari za vita vya Kagera kwa redio ya Mzee Shaaban, aliniambia, "Mambo ya mahakama mazito, ndugu yangu, na Twalib ni mpangishaji wa shemeji yangu." Watu wa zamani walikuwa maskini, lakini mtu akiitwa kusema alichokiona, alikuja na kanzu yake.

Mwenyekiti wa baraza la ardhi aliamuru kwanza pasiguswe mpaka hukumu itoke. Nguzo zikabaki wazi, zikaanza kuota kutu, na kampuni ikawa inapiga simu kila wiki kumwuliza Twalib vipi. Tukaanza kwenda na kurudi. Bi Batuli aliondoka jiko lingali na moto, akirudi anakuta mteja amekwenda. Kila shauri lilipoahirishwa aliuliza swali moja tu: "Bado ninakaa?" Akiambiwa bado, alikwenda kukoroga unga.

Siku ya kusikilizwa Devota aliongea vizuri. Alisema kibaraza kimeungana na ukuta, paa ni moja, msingi ni mmoja, na kilicho chini ya paa la mtu ni cha mtu huyo. Mimi mwenyewe nilianza kuogopa.

Mwenyekiti akamgeukia Bi Batuli. "Mama, una lipi la kisheria?"

"Mimi sina sheria, mheshimiwa. Nina jiko. Mwenye nyumba aliniweka pale akiwa hai, na huyu alikuwepo, amevaa kaptura."

Watu wakacheka. Kisha ikaitwa ofisi ya mji, na yule kijana wa rangi nyekundu akaeleza kiapo chote kama alivyokisikia. Mwenyekiti akavua miwani.

"Bwana Twalib, ulitamka maneno haya?"

"Niliyatamka, mheshimiwa, ila ni kwa sababu ya mazingira."

"Mazingira gani?"

"Ya kubomolewa."

Hata Devota aliinamisha kichwa. Hukumu haikuwa ndefu, nami nilifurahi kusikia Kiswahili cha mtu anayejua anachosema. Mwenyekiti alisema mtu aliyekana mali mbele ya ofisi ya umma, na kwa kukana kwake akaepuka mzigo, hawezi kurudi kuidai ilipopata faida. Alisema wakfu uliotamkwa na baba na kuapiwa na mtoto haukodishwi. Nguzo zing'olewe. Waliokaa wakae.

Bi Batuli alinivuta mkono. "Amesemaje?"

"Unakaa."

"Basi twende, mkaa unaisha."

Mtu mwenye haya angetoka pale akaanza kunyunyizia kibaraza maji, kama baba yake. Twalib alikata nguzo, akaacha vishina vya chuma vikichomoza, vya kuchania kanzu. Kampuni ya simu ikahamia jengo la jirani, lile lililokatwa mdomo, ambalo sasa lina vioo kuanzia juu mpaka chini. Ndipo Twalib akabuni lake. Kila alfajiri alikuja na dumu la oili chafu kutoka kwa mafundi wa bodaboda, akaimwaga kibarazani kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Tulipomkemea alisema, "Hukumu imesema mkae. Haikusema pawe pasafi. Kasomeni."

Nilisoma. Kweli haikusema. Waandishi wa hukumu hawakufikiria kwamba mtoto wa Mzee Shaaban angeteremka kiasi hicho.

Bi Batuli akawa anafika mapema zaidi na majivu na sabuni ya unga, anasugua upande wake, anatandika magunia, ndipo anawasha jiko. Dadi alihamisha cherehani kwa wiki moja, kisha akarudi kwa ukaidi, kitambaa cha arusi ya watu kikachafuka, akakilipa. Lakini oili haichagui. Waliokuja kununua madukani nao waliteleza. Mama mmoja alianguka na mtungi wa gesi mlangoni mwa fremu ya vifaa vya ujenzi. Mpangaji akamfuata Twalib.

"Bosi, wateja wangu wanavunjika."

"Mwambie bibi ahame, nami nitaacha."

"Bibi ana hukumu."

"Basi wewe una nini? Kaa au hama."

Akahama. Wa pili akamfuata, kisha wa tatu na wa nne. Hawakutaka kesi. Walitaka mlango ambao mteja anaingia akiwa amesimama. Mwishowe fremu zote zilikuwa na kufuli, na aliyekuwa na uhai pale mbele alikuwa Bi Batuli peke yake, na moshi wake, na sisi wachache.

Nasema wachache. Nilidhani hukumu ile ingewarudisha watu. Walirudi siku za mwanzo, wakajipiga picha, wakasema "tumeshinda," wakati hakuna hata mmoja wao aliyekuja shaurini. Kisha kila mtu akarudi kwenye simu yake. Vijana wanapita wameinamisha shingo, hawajui kama pana pa kukaa. Anayekuja ananunua mkate akiwa juu ya pikipiki, hazimi hata injini. Tulipigania haki ya kukaa katika mji ambao umesahau kukaa. Bi Batuli hayo hayamuumizi kichwa. Mkate unanunuliwa.

Twalib akauza. Wanunuzi wa maana waliposikia hukumu waliondoka, kwa kuwa hakuna anayetaka jengo ambalo mbele yake si yake. Aliyenunua mwishowe alinunua kwa bei ya kutupa, na Twalib akasema anahamia Mingoyo kujenga fremu mpya njiapanda, "za kisasa."

Mara ya mwisho nilipomwona yeye na Bi Batuli pamoja ilikuwa siku aliyokabidhi funguo. Adhuhuri ilikuwa imeshapita, jua limesimama. Alikuwa na begi moja na kiti cha baba yake, akisubiri bajaji, amesimama barabarani hatua chache kutoka kivulini.

Bi Batuli akamwita. "Twalib, jua hilo. Njoo ukae."

"Hapa panatosha, bibi."

"Panatosha nini, unatoka jasho kama punda. Baba yako aliwawekea watu, na wewe ni mtu."

"Hilo nalo," akasema Dadi bila kuinua kichwa, "labda tulipeleke kwa mwenyekiti."

"Nyamaza wewe." Bi Batuli akatandika gunia safi kando yake, akalipigapiga kwa kiganja. Twalib akalitazama. Nilimwona akilitazama, na nikadhani atakaa. Akatikisa kichwa. Bi Batuli akakata kipande cha mkate, akakiweka kwenye karatasi, akanyanyuka kwa magoti yake mabovu akampelekea palepale juani. Alikipokea. Alikila kwa kasi amesimama, ametupa mgongo, kama mtu anayeogopa kuonekana.

Bajaji ikaja. Akasogea mpaka ukutani, akajifuta mafuta ya mkate vidoleni kwenye chokaa ya baba yake, akapanda.