Safu ya Harufu

Siku yangu ya kwanza niliingia kiwanda cha kukoboa mpunga pale Kibaoni na stashahada ndani ya bahasha, baada ya miaka tisa ya viwanda vya Dar es Salaam. Mtoto wa mkulima wa Michenga, niliyejisomesha kwa kubeba magunia, nilikuwa nimerudi Ifakara kuwa Afisa Ubora. Kabla yangu, ubora pale ulikuwa kukodoa macho tu. Utaratibu niliuleta mimi.

Niliwafundisha wafanyakazi kuchoma magunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji kinachotoa sampuli bila kufungua gunia. Tukapima unyevu kwa kipimo, tukachambua chenga, yaani punje zilizovunjika. Nikaenda kuwauliza wateja wa mjini wanataka nini. Wakasema mchele mzima, usio na mawe, unaonukia. Fomu ya kupitisha mzigo niliibuni mwenyewe, na watu wa viwanda vingine walikuja kuiomba. Harufu sikuiwekea safu, kwa kuwa haina namba.

Mwonjaji wetu alikuwa Mama Leokadia wa Mofu, aliyepika kikombe kimoja cha kila mzigo. Msimu mmoja wa mafuriko tulipokea mpunga uliokuwa umeloa, ukalundikwa, kisha ukaanikwa upya. Kipimo kikasoma vizuri. Mama akaja na sahani ya wali hadi mezani kwangu.

"Mwanangu, mchele huu umevunda. Usiupeleke."

Sikuinua kichwa. Nikasaini.

Wateja wakarudisha lori zima. Meneja Mkuu, mtu mpole asiyepandisha sauti, aliniita peke yangu.

"Mwonjaji alisema chochote?"

Nikamsogezea fomu. "Hakuna kilichoandikwa, mzee."

Mama Leokadia aliachishwa kazi wiki ileile. Mimi nikaongeza safu ya harufu, malalamiko yakaisha, mchele wetu ukawa unagombewa sokoni. Nikapandishwa kuwa Mkuu wa Ubora, na kwenye semina nilisimama kueleza jinsi nilivyoligundua jambo hilo. Hakuna mtu wa bonde letu aliyefika nilipofika kwa kazi hii. Lakini tangu nistaafu, sahani ile naiona kila ninapokaa kula.

Mwezi uliopita nilikwenda Mofu. Nilimkuta amezeeka, anapepeta mchele uani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akanitambua kwa sauti yangu. Nikamwambia siku ile nilimsikia.

Ungo ukatulia mikononi.

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia, mama."

"Wanangu nimewaambia miaka yote kuwa mashine zilikuwa zinaunguruma. Kwamba yule kijana hana ubaya, hakusikia tu."

Nikaanza kuomba radhi. Akanionyesha kigoda.

"Kaa hapo. Wako shamba, wanarudi jioni. Utawaambia mwenyewe."

Nikakaa.